Maji Yanayovuja Kwenye Nyama ya Nguruwe Hutoka Wapi?

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi zaidi kuhusu nyama ya nguruwe hapa Dodoma ni ya kusinyaa. Mteja wa kitimoto anaagiza kilo moja, inapimwa mbichi mbele ya macho yake, inaingia kwenye karai, na sahani inapofika mezani anaona kama nusu ya alichokilipia. Moja kwa moja anaishuku mizani. Mwenye bucha naye, akikuta sinia limejaa maji mekundu chini ya nyama aliyoipokea alfajiri, anamshuku mchinjaji kwamba ameimwagia maji ili iongezeke uzito. Mchinjaji anamshuku mfugaji kwamba ameuza nguruwe mgonjwa. Mfugaji anaapa kwamba nguruwe wake alikuwa mzima, na mara nyingi anasema kweli.

Ninaendesha kiwanda kidogo cha kusindika nyama ya nguruwe, soseji kwa wingi na bekoni kidogo, kwa hiyo maji hayo ni hasara yangu pia. Nataka kueleza yanatoka wapi, kwa sababu nimeridhika kwamba sehemu kubwa ya kasoro tunazozikuta juu ya meza ya kukatia nyama hutengenezwa katika saa 24 za mwisho za uhai wa nguruwe na katika saa ya kwanza baada ya kuchinjwa. Fedha tunazozitumia kununua fosfeti, zile chumvi za kuisaidia nyama kushika maji, na viungo vya kuficha kasoro hizo zingefanya kazi kubwa zaidi kama tungezipeleka kwenye kivuli, maji ya kunywa na malipo ya dereva.

Mnofu wa nguruwe, hata ule bora kabisa, takriban robo tatu yake ni maji. Maji hayo yameshikwa ndani ya nyuzi za msuli na protini, hasa mayosini na aktini, ambazo zimejipanga kwa namna inayoacha nafasi ndogondogo za kuyahifadhi. Nguruwe akiwa hai na mtulivu, pH ya msuli wake, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri asidi inavyoongezeka, huwa karibu na 7. Akishachinjwa, damu haipeleki tena oksijeni, lakini msuli haufi papo hapo: unaendelea kuvunja glaikojeni, ile sukari ya akiba iliyomo ndani yake, bila oksijeni, na kinachobaki ni asidi laktiki. Kwa kuwa hakuna damu ya kuiondoa, asidi hiyo hujikusanya, na pH hushuka polepole kwa saa kadhaa hadi kufikia kati ya 5.5 na 5.7 kesho yake. Uchachu huo wa wastani tunauhitaji, kwa maana ndio unaoipa nyama rangi ya waridi inayovutia na kupunguza kasi ya bakteria.

Tatizo huanza pale asidi inapozalishwa kwa haraka kupita kiasi. Nguruwe aliyekimbizwa, aliyepigwa, aliyepigana na wenzake au aliyefika akihema kwa joto muda mfupi kabla ya kisu huwa na misuli ambayo tayari inachoma glaikojeni kwa nguvu zote, na joto la mwili wake linaweza kupita nyuzi 40 za selsiasi. Akichinjwa katika hali hiyo, pH huanguka chini ya 6 ndani ya dakika 45, wakati mzoga bado una joto lilelile la mnyama aliye hai. Asidi ikija peke yake katika nyama iliyokwisha kupoa, protini huivumilia. Joto hilo nalo protini ilikuwa ikiishi nalo tangu nguruwe alipozaliwa. Vikikutana viwili hivyo kwa wakati mmoja, protini hubadilika umbo kama ute wa yai unavyobadilika kwenye kikaango, na haiwezi tena kurudi ilivyokuwa. Nyuzi za msuli hubana, maji husukumwa hadi kwenye nafasi zilizo katikati ya nyuzi, na mara nyama inapokatwa hupata njia ya kutokea.

Rangi hupauka kwa sababu hiyohiyo, na wengi hudhani kwamba nyama imepungukiwa na damu. Mayoglobini, yaani protini inayoipa nyama wekundu, bado imo ndani. Kilichobadilika ni kwamba protini zilizoharibika pamoja na maji yaliyotoka nje ya nyuzi hutawanya mwanga mwingi zaidi kuuelekeza machoni kwetu, ndiyo maana mnofu unaonekana kijivu-cheupe. Ukiubonyeza kwa kidole hauna ukinzani, na ukiukata kwa kisu kikali minofu huachana badala ya kukaa pamoja. Vitabu vya taaluma huitambulisha nyama ya namna hii kwa herufi tatu, PSE, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya iliyopauka, laini na inayovuja. Nasisitiza kwamba si nyama ya nguruwe mgonjwa na haina madhara kwa mlaji. Mkaguzi anapoipitisha na kuigonga muhuri hajakosea. Ni nyama iliyopoteza thamani, na aliyeipotezea thamani hiyo ni binadamu.

Kasoro hii haikuanzia kwetu. Watafiti wa Denmark, nchi iliyojenga uchumi wake wa kilimo juu ya bekoni ya kuuza Uingereza, waliieleza katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 E. J. Briskey wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliandika mapitio marefu ambayo wanasayansi wa nyama huyarejea mpaka leo. Nayataja haya kwa sababu baadhi ya wenzangu huamini kwamba nyama inayovuja ni alama ya ufugaji wa kienyeji na kwamba tiba yake ni kununua mbegu za kigeni. Historia inaonyesha karibu kinyume chake, na nitalirudia suala la mbegu baada ya kumaliza la barabara.

Tuseme kwanza ukubwa wa hasara. Nyama ya kawaida ikitundikwa kwenye jokofu hupoteza kiasi cha asilimia 2 hadi 4 ya uzito wake ndani ya siku moja au mbili. Iliyopauka hupita asilimia 5, na nyingine hukaribia 10. Mwenye bucha aliyenunua kilo 100 za nyama hiyo amelipia kilo 5 au zaidi ambazo atazimwaga mferejini, na zilizobaki zitatoa maji mengine tena zikikutana na moto. Yule mteja wa kitimoto aliyeishuku mizani ameonewa kweli, ila aliyemwonea hakuwa amesimama pale kauntani.

Nguruwe hana tezi za jasho zinazotosha kupoza mwili. Hupoa kwa kuhema na kwa kujilowesha kwenye maji au matope. Mfunge miguu, mlaze kwenye kibao nyuma ya pikipiki, mtoe katika kijiji cha Kongwa, Mpwapwa au Chamwino saa sita mchana mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijaanza na jua likiwa kali kuliko wakati wowote wa mwaka, umlete mjini kwa barabara ya vumbi huku kichwa kikining'inia. Atafika akiwa hai, ndiyo, lakini msuli wake umekwisha kuandaliwa kuharibika kabla hujamgusa kwa kisu. Anayesafirishwa kwa gari dogo la mizigo bila turubai la kivuli hayuko katika hali bora sana, hasa wakijazwa wengi mno. Kanuni za Ulaya huruhusu mzigo usiozidi kilo 235 za nguruwe kwa kila mita moja ya mraba, maana yake nguruwe wa kilo 100 apate karibu nusu mita ya mraba ya kulala. Si lazima tuige kila kanuni ya Ulaya, lakini kipimo hiki kinamfaa nguruwe yeyote, kwa kuwa mwili wake ni uleule akiwa Dodoma au akiwa kwingineko, na joto la kwetu lingetutaka tumpe nafasi zaidi, wala si pungufu. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na yeyote anayetaka kumshawishi msafirishaji anaweza kuanza na sheria; uzoefu wangu ni kwamba hesabu ya kilo zinazopotea humgusa haraka zaidi.

Saa za kusafiri ni usiku au alfajiri. Chakula kisimamishwe saa 12 hadi 18 kabla ya kuchinja, maana nguruwe aliyeshiba huumia zaidi na joto, hutapika njiani, na utumbo wake uliojaa hupasuka kwa urahisi wakati wa kutoa matumbo na kuichafua nyama. Maji ya kunywa yasikatizwe hata kidogo. Wafugaji wengi hufanya kinyume kabisa: hulisha pumba nyingi asubuhi ya kuuza ili uzito uwe mkubwa kwenye mizani, na kumnyima maji ili asikojoe garini. Nawaelewa, kwa sababu wanalipwa kwa uzito wa mnyama hai. Kosa liko kwa sisi wanunuzi, na likiondolewa kwa kulipa kwa uzito wa mzoga, sababu ya kulisha asubuhi hiyo haipo tena.

Akifika, apumzike saa 2 hadi 4 penye kivuli na maji, na siku ya joto amwagiwe maji kwa mpira. Muda huo unamtosha kupunguza joto la mwili na kuondoa asidi iliyojikusanya wakati wa safari. Muda mrefu kupita kiasi nao unaleta kasoro nyingine, iliyo kinyume cha hii ya kwanza, ambayo kwa nguruwe wanaotoka mbali, tuseme Babati au Iringa, nimeiona mara nyingi zaidi kuliko nyama iliyopauka.

Nguruwe aliyesafiri muda mrefu bila kula, kisha akalazwa usiku kucha na nguruwe asiowajua, hatalala. Nguruwe wa mabanda tofauti wakichanganywa hupigana mpaka ijulikane nani mkubwa, na alama za meno mabegani ndizo ushahidi wa asubuhi. Mpaka kisu kinamfikia, glaikojeni yake imekwisha. Msuli usio na glaikojeni hauna cha kutengenezea asidi, hivyo pH yake hubaki juu ya 6 hata baada ya saa 24. Nyama hiyo huwa nyeusi-nyekundu, imekaza, na uso wake ni mkavu wenye kunata. Herufi zake vitabuni ni DFD, yaani kwa Kiingereza nyeusi, iliyokaza na kavu. Maji imeyashika vizuri kuliko hata nyama ya kawaida, kwa hiyo mwenye bucha asiyeijua huifurahia siku ya kwanza. Siku ya pili harufu inaanza. Bakteria hupenda kuanza na sukari iliyomo kwenye nyama. Wakiikosa hushambulia amino asidi mapema, na hizo ndizo zinazotoa harufu ya kuoza. Uchachu uliopaswa kuwachelewesha haupo. Katika mji ambao mabucha mengi huning'iniza nyama hewani kutwa nzima, nyama ya namna hii ni hatari kwa biashara kuliko ile inayovuja. Kwa msindikaji ina matumizi mazuri, kwani inashika maji kwenye soseji za kuchemsha zinazoliwa mapema, lakini isitumike kabisa kwa bekoni au nyama ya kukausha, maana chumvi hupenya ndani yake kwa shida na pH yake ni karamu kwa vijidudu.

Tiba yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: nguruwe wa mfugaji mmoja wakae pamoja tangu zizini, garini mpaka machinjioni, wala wasichanganywe na wengine hata kwa usiku mmoja. Vizuizi vya mbao vya kugawa banda vinatosha.

Namna ya kumzimisha mnyama kabla ya kisu nayo inaacha alama. Panapotumika umeme, mkondo wa kichwani usiopungua ampea 1.3 humpoteza nguruwe fahamu mara moja, na kisu kinapaswa kufuata ndani ya sekunde 15. Kikichelewa, shinikizo la damu lililopanda ghafla hupasua mishipa midogo na kuacha vidoadoa vyekundu ndani ya mnofu, ambavyo mteja akiviona kwenye kipande hukirudisha. Machinjio mengi madogo bado yanatumia rungu au kisogo cha shoka. Panapokosekana umeme, pigo moja la mtu mwenye nguvu, uzoefu na shabaha, kwa mnyama aliyetulia, ni bora mara nyingi kuliko mapigo matatu ya mtu anayemkimbiza mnyama uani huku wenzake wakitazama na kupiga kelele. Kuchinja mmoja mbele ya wengine wanaosubiri kukomeshwe kabisa, kwa sababu za huruma kwanza, na za nyama pia.

Baada ya hapo tunashindana na joto la mzoga. Maji ya kuondolea nywele yanatakiwa kuwa na nyuzi 60 hadi 62, kwa dakika kama tano au sita. Yanayochemka hupika ngozi na kuzishikilia nywele humohumo, kisha mtu anakwangua nusu saa nzima huku nyama ya ndani ikizidi kuharibika. Matumbo yatoke mapema, mzoga upasuliwe pande mbili na utundikwe bila pande kugusana, ili hewa ipite. Hapa Dodoma tuna nafasi ambayo watu wa pwani hawana: mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni kavu, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi chini ya nyuzi 15. Anayechinja saa tisa usiku na kutundika mzoga mahali safi penye upepo na wavu wa kuzuia nzi anapata ubaridi wa bure kwa saa nne, ambao anayechinja saa mbili asubuhi hawezi kuununua kwa jenereta.

Kuna jambo moja la friza ambalo lazima niliseme, kwa kuwa nalikuta hata kwa watu makini. Nyama ya moto, iliyochinjwa saa moja iliyopita, haiingizwi kwenye friza la nyumbani ili iwahi kuganda. Ikiganda kabla msuli haujakakamaa, siku ikiyeyushwa itakakamaa kwa nguvu, itajikunja na kumwaga maji mengi kuliko nyama yoyote iliyopauka, na itakuwa ngumu hata ikipikwa kwa muda mrefu. Friza lililojazwa vipande vikubwa vya moto nalo halifiki katikati ya vipande hivyo kwa wakati. Juu kunakuwa jiwe, ndani kunachacha. Nyama ipoe kwanza kwenye chumba cha ubaridi au jokofu hadi kesho yake, ndipo igandishwe, tena katika vipande vyembamba.

Suala la mbegu sasa. Katika miaka ya 1970 watafiti waligundua kwamba baadhi ya nguruwe wachanga wakivutishwa halotheni, gesi ya usingizi, hukakamaa miguu, na kwamba hao ndio wanaokufa njiani na kutoa nyama iliyopauka wakikua. Mwaka 1991 chanzo kilijulikana: badiliko dogo katika jeni ya RYR1, inayotoa maelekezo ya kutengeneza mlango wa kalisi, madini yanayouchochea msuli kufanya kazi, ndani ya msuli. Mlango huo ukiwa na kasoro hufunguka kirahisi na kuchelewa kufunga, kalisi inamwagika, na msuli unachoma glaikojeni hata kwa mshtuko mdogo. Badiliko hilo lilienea sana kwa nguruwe wa Pietrain, walioanzia Ubelgiji, na kwa aina kadhaa za Landrace, kwa sababu linaambatana na mapaja manene na mafuta machache. Nchi nyingi zimeliondoa kwenye makundi yao ya mbegu kwa kipimo cha vinasaba. Ndugu zangu wafugaji mnaonunua dume la kigeni kwa kusifiwa unene wa paja, ulizeni kama limepimwa jeni hiyo. Muuzaji asiye na jibu asilipwe bei ya mbegu bora. Hampshire nao wana jeni yao, iliyotambuliwa mwaka 2000, inayojaza glaikojeni nyingi mno kwenye msuli hata pH ya mwisho ikashuka chini ya 5.5, nyama yake haipauki sana, lakini ikipikwa kuwa hemu, yaani paja lililotiwa chumvi, hupungua uzito kupita kawaida.

Nikipokea nyama iliyopauka siitupi. Soseji husimama kwa sababu chumvi huitoa mayosini ndani ya nyuzi, nayo huyashika maji na kuyazunguka mafuta. Mayosini iliyoharibika haifanyi kazi hiyo, hivyo soseji ya nyama iliyopauka tupu hutoa maji na mafuta kwenye sufuria na kubaki yenye chengachenga. Huichanganya na nyama nzuri kwa kiasi kisichozidi robo, na huipeleka kwenye soseji iliyosagwa laini, kamwe si kwenye vipande vizima. Mwenye nyama nyeusi, ile yenye pH ya juu, anaweza kuzichanganya hizo mbili zikasaidiana, mradi zipikwe siku ileile.

Kasoro inayotuhusu kwa namna ya pekee watu wa katikati ya nchi iko kwenye mafuta. Singida na Dodoma ni mikoa ya alizeti, na mashudu yake ni chakula cha protini kinachopatikana karibu na kwa bei nafuu. Mashine ndogo za kukamua hubakiza mafuta mengi kwenye mashudu, mengi zaidi kuliko viwanda vikubwa vinavyotumia kiyeyusho, na mafuta ya alizeti za kawaida yana asidi linoleiki nyingi, ambayo ni kimiminika kwenye joto la chumba. Ng'ombe akila mafuta hayo, vijidudu vya tumboni mwake huyabadilisha kabla hayajafyonzwa. Nguruwe hana tumbo la aina hiyo. Mafuta anayokula ndiyo anayoyahifadhi mgongoni, karibu yaleyale. Matokeo yake ni mafuta laini, yanayong'aa kama yamepakwa, yasiyokatika sawasawa hata yakitoka kwenye jokofu. Bekoni yake haichanjiki vipande vyembamba, na kwenye soseji mafuta hujipaka kwenye kisu cha mashine na kuifanya ionekane imechafuka. Tena mafuta hayo hushikana na oksijeni upesi, kwa hiyo soseji iliyogandishwa hutoa harufu ya mafuta yaliyoharibika, tena mwezi mmoja au miwili mapema kuliko ilivyotarajiwa, na chumvi huiharakisha harufu hiyo.

Sisemi mashudu yaachwe. Mfugaji wa Kongwa akiyaacha atalisha nini? Nasema yapunguzwe sana katika wiki sita hadi nane za mwisho, na nafasi yake ichukuliwe na vyakula visivyo na mafuta mengi. Mtama, ambao mkoa wetu unaulima kwa sababu unavumilia ukame, una mafuta kiasi cha asilimia 3 tu, na muhogo mkavu karibu hauna kabisa. Machicha ya pombe ya mtama nayo yanafaa yakiwa mabichi. Pumba za mpunga ziangaliwe, kwani nazo zina mafuta mengi ya aina ileile. Dagaa na mabaki ya samaki yasimamishwe kipindi hichohicho, la sivyo bekoni itanuka samaki. Mafuta ya mwilini hubadilika taratibu, kwa hiyo wiki mbili hazitoshi, na mfugaji aliyenunua mtama kwa ajili ya wiki nane hizo anastahili kulipwa tofauti ya bei. Mimi huilipa, kwa sababu nikilinganisha na bekoni inayorudishwa dukani bado ninapata faida.

Harufu ya dume sitaizungumza kwa kirefu. Hutokana na androstenoni, inayotengenezwa kwenye korodani, na skatoli, inayotengenezwa kwenye utumbo mpana, na zote mbili hukaa ndani ya mafuta. Kuhasi watoto madume mapema huimaliza. Shida ni dume la mbegu lililochoka, ambalo mwenye nalo hulipeleka moja kwa moja kwa mchinjaji. Likihasiwa na kusubiri wiki kadhaa, harufu hupungua. Kipande cha mafuta kikikaangwa peke yake kwenye kikaango cha moto huonyesha ukweli, ila anayenusa achaguliwe kwa uangalifu, kwa maana baadhi ya watu kwa maumbile hawaisikii androstenoni hata kidogo, na mtu wa namna hiyo ataipitisha nyama ambayo nusu ya wateja wataikataa.

Vifuko vyeupe vya tegu, vyenye ukubwa wa punje ya mchele hadi ya harage, si kasoro ya ubora bali ni suala la afya, na haviingii katika mazungumzo ya kuchanganya robo na robo. Nyama hiyo ni ya mkaguzi, na uamuzi wake ni wa mwisho. Wala asiwepo anayeinunua kwa bei ya chini kwa mlango wa nyuma. Kinga yake ni choo kinachotumiwa na watu wote wa kaya na nguruwe wasioachiwa kuzurura.

Kwa anayetaka kupima badala ya kukisia, kipimo cha pH chenye ncha ya kuchomeka kwenye nyama kinapatikana, na kinahitaji kusawazishwa kila siku kwa vimiminika vya pH 4 na 7, la sivyo kitadanganya. Pima kwenye msuli wa mgongo dakika 45 baada ya kuchinja, kisha kesho yake mahali palepale. Asiye nacho akate kipande cha gramu 100, akitundike ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, kisigusane na mfuko, akiache kwenye jokofu saa 48, kisha akipime tena uzito. Gramu zilizopotea ni asilimia yake, bila hesabu yoyote. Aandike jina la mfugaji, jina la dereva na saa ya kufika. Daftari kama hilo huonyesha baada ya muda mfupi kwamba majina ya madereva hujirudia kuliko majina ya wafugaji.

Ndiyo maana siku hizi namlipa dereva nyongeza kwa kila nguruwe anayeshuka garini akitembea mwenyewe na asiye na alama za fimbo mgongoni. Nyongeza hailipwi getini. Hulipwa baada ya nywele kuondolewa, kwa sababu alama ambazo nywele na vumbi vinazificha wakati wa kupokea huonekana zote, moja baada ya nyingine, kwenye ngozi iliyokwanguliwa, na hapo dereva, mchinjaji na mimi tunaziangalia pamoja kabla ya fedha kutoka.